Kuku Aliyepona Kabla Yangu

Nyumbani kwangu bawa la kuku ni langu. Firigisi mpeni mwenye nyumba, mapaja wapeni watoto, shingo achukue anayeitaka, lakini bawa la kulia msiliguse. Juzi mke wa mjukuu wangu, binti wa watu kutoka bara ambaye hajatuzoea, alimpakulia mwanawe bawa hilo. Mjukuu wangu wa kike akamwambia, "Wifi, hilo la Bibi." Akauliza, "Kwani lina nini?" Wakamjibu kwa pamoja, "Lina chuma!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, kwa sababu mkono wangu wa kulia una chuma mpaka leo, na kovu lake mimi huwaonyesha watu kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Nililichukua lile bawa nikalivunja. Ndani yake kuna mifupa miwili, mwembamba na mnene, imelala pamoja. Mkononi mwako pia, chini ya kiwiko, imo miwili. Hilo sikufundishwa shuleni, shule niliishia la nne. Nilifundishwa na kuku. Na ule mvuke wa mchuzi, wenye ndimu na bizari, uliponipanda puani nikawa nimerudi kulekule, mtoto, kitandani, nimefungwa.

Wenzangu wa umri wangu mtanielewa upesi. Hawa wadogo nikiwasimulia wananiona mwongo.

Ulikuwa wakati ule wa kuhamia vijijini. Kwetu kila nyumba ilikaa peke yake katikati ya mikorosho yake, karibu na pale mto Ruvuma unapotanuka na maji yake kuanza kuwa na chumvi. Asubuhi ulikuta nyayo za viboko kwenye mpunga, kubwa kama sinia. Tukaambiwa tuhame, nyumba zipangwe mstari kando ya barabara, shule iwe karibu, maji yawe karibu. Baba alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, hakuwa amerudi, na mpaka leo hajarudi. Kwa hiyo nyumba yetu tuliibomoa wanawake watatu: Bibi mzaa mama, Mama yangu Salima, na mimi. Mimi nilikuwa mwepesi, nikapandishwa paani kushusha makuti. Ufito ukakatika. Chini nilisikia mlio kama mtu kavunja muhogo mkavu, nikadhani ni ufito mwingine. Nilipotazama mkono wangu wa kulia, ulikuwa na kona mahali ambapo Mungu hakuweka kona.

Akaitwa Mzee Nandonde, fundi wa mifupa. Alikuwa na jina kubwa. Ng'ambo ya mto, Msumbiji, kulikuwa na vita, na watu walivushwa wakiwa wamevunjikavunjika, akawaunga, wakalima tena. Bibi akanikalia kifuani, mzee akavuta mkono, mimi nikapiga kelele ambazo nadhani viboko walizisikia. Akapaka majani yake, akapanga vijiti vya mianzi, akafunga kwa kitambaa cha kanga. Kisha akajifuta jasho akasema, "Haya, nileteeni kuku."

Bibi hakuleta jogoo la ovyo. Alileta jike lake jekundu lenye kishungi, mtagaji, aliyekuwa akimpenda kuliko sisi. Mzee Nandonde akashika bawa la kulia akalivunja. Akachana kanga ileile, akachukua mianzi ileile, akamfunga kama alivyonifunga mimi.

"Sasa hawa pacha," akasema. "Siku kuku ataruka juu kwenda kulala, mtoto kapona. Mfungueni."

Ndivyo ilivyokuwa desturi, na wengi walipona hivyo. Lakini mtoto ukimwambia neno analichukua zima zima. Mimi sikuelewa kwamba kuku alikuwa kama saa ya kutazamia. Nilielewa kwamba tumefungwa kamba isiyoonekana. Mkono ukinipwita, natoka nje kumtafuta nione kajikwaa wapi. Nikamlisha pumba kwa mkono wa kushoto. Tulipohama alibebwa kwenye tenga, mimi nikatembea kando yake nikimwambia, "Tulia, usituumize."

Tukafika kijiji kipya, tukajenga. Jioni moja kuku akakimbia, akatupa mabawa, akaruka mpaka juu ya paa la jirani. Bibi akapiga vigelegele. "Somoe kapona! Mwanangu kapona!" Wakanifungua palepale mbele ya watu.

Mkono ulikuwa umepinda kama mpini uliochongwa na mlevi. Hilo lingekuwa dogo. Kubwa ni kwamba kiganja kilikuwa kinaangalia chini, na hakikugeuka. Wewe unayesoma, hebu nyoosha mkono, geuza kiganja kiangalie juu. Umeona? Hujafikiri hata kidogo. Mimi nilikaza meno, nikakunja uso, kiganja kikabaki kinatazama ardhi kama mtu aliyeaibishwa.

"Bibi, hakigeuki."

"Kitageuka. Kuku karuka, wewe nani usigeuke?"

Hapo ndipo mtego uliponifunga, na mtego wenyewe ulikuwa na manyoya. Nikisema naumwa, naambiwa kuku haumwi. Nikishindwa kushika mchi, naambiwa mvivu huyu, kajua mapema kukwepa kazi. Nani atabishana na kuku? Yuko pale juu ya paa, anatembea, anajitikisa, kila mtu anamwona.

Kula ndiyo ilikuwa adhabu. Jaribu kupeleka tonge mdomoni na kiganja kimetazama chini. Ilinibidi ninyanyue kiwiko juu kabisa, mkono ukae kama bawa. Watoto wakaanza: "Kuku! Kuku! Shii!" Kule tulikotoka ningejificha nyuma ya mikorosho. Huku nyumba zilitazamana, milango imepangwa mstari, ukikohoa kwako anakuitikia wa pili. Nikajifunza kula kwa mkono wa kushoto kwa kuiba. Nyote mnajua mkono wa kushoto kazi yake nini. Nilichapwa kwa hilo, na kwa haki yao walionichapa, ndivyo walivyolelewa.

Madrasa ilikuwa vilevile. Tukimaliza kusoma tunainua viganja kuomba dua. Cha kushoto kinaangalia mbinguni, cha kulia kinaangalia mkeka. Mwalimu akanitazama.

"Somoe, wewe unaomba au unamtuliza mbwa?"

Wakacheka wote. Mimi nikawaza jambo ambalo sikumwambia mtu: kwamba pacha mmoja kachukua uzima wote. Kwamba ndani ya kuku yule umo mkono wangu mzuri, na mimi nimeachiwa bawa lake bovu. Nilikuwa nikimtazama akioga mavumbi, nikamchukia, na papo hapo nikamwogopea, maana akiliwa na kicheche mimi nitabaki na nini?

Mama alikwenda kwa Mzee Nandonde. Mzee akauliza jambo moja tu. "Kuku alipona?" Mama akasema alipona. "Basi." Hakuwa mtu mbaya. Alama yake ilikuwa imemwambia, naye aliiamini alama yake.

Kilichomkata Mama ni siku ya shamba la kijiji. Wanawake walikuwa wamelima tangu asubuhi, wakaketi kula pamoja, sinia moja. Mimi kwa njaa nikasahau, nikapeleka mkono wa kushoto. Mwanamke mmoja akaupiga kwa mwiko, ukaangukia kwenye mchuzi.

"Salima, huyu mnamlea au mnamfuga?"

Mama akanawa mikono. Akanishika bega tukaondoka, na jembe lake akaliacha palepale. Nyumbani akamwambia Bibi, "Lori la korosho likienda Mtwara, tunapanda."

Bibi akasimama. "Utampeleka kule wamkate mkono!"

"Wamkate. Kwani sasa anao?"

"Nangu, mimi, nishasema, Salima! Utamtukana fundi wa watu. Kuku kapona!"

"Basi mwozeshe kuku," Mama akasema, akaingia ndani. Sijawahi kumsikia tena akimjibu mama yake hivyo. Siku tulipoondoka Bibi alikaa mlangoni akatupa mgongo.

Tulisafiri juu ya magunia ya korosho. Dereva akatushusha mtaa wa Rahaleo, mjini Mtwara, tukauliza njia mpaka hospitali. Daktari alikuwa kijana, mtu wa bara, Kiswahili chake kirefu kama cha redioni. Akaninyooshea mkono.

"Binti, niombe pipi."

Nikanyoosha. Kiganja chini.

"Hivyo unaninyang'anya. Niombe."

Nikalia. Akaacha utani. Wakanipiga picha ya mifupa, akaiinua dirishani, akamwonyesha Mama: mifupa miwili imeungana ikiwa imepinda, imeegemeana. Akasema ukigeuza kiganja, mfupa mmoja hupita juu ya mwenzake. Wangu haupiti. Mama akasema, "Kama wanaotwanga wawili kinu kimoja, mmoja hapishi." Daktari akamtazama, akasema, "Hivyohivyo, mama. Itabidi tuivunje tena, tuinyooshe, tuikaze kwa chuma na skrubu."

Mimi nikasikia neno moja tu.

"Na kuku?" nikauliza.

"Kuku gani?"

Mama akatazama chini akaeleza kwa aibu. Sista aliyekuwa pale, mwanamke mnene wa Kichaga, akacheka mpaka kofia ikasogea. Daktari hakucheka. Akaniambia, "Kuku hataguswa na mtu." Kumbe hilo ndilo lililoniua kabisa. Mtu wa mjini huyu hajui kamba ilivyo. Akinivunja mimi hapa, kuku kule atadondoka kutoka juu ya paa.

Walinipa nusu kaputi. Harufu yake ilikuwa tamu mbaya, kama mabibo yaliyochachia juani. Nikahesabiwa, sijui walifika ngapi. Nilipoamka mkono ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine, umefungwa plasta ngumu nyeupe, ile watu wanaiita hogo, ukaning'inizwa kwenye mti wa chuma juu ya kitanda. Vidole vitano vimetokeza, vimevimba, havina habari na mimi.

Mama akakaa nami mpaka homa ikashuka. Halafu ikabidi arudi, kwa kuwa Bibi alikuwa peke yake na kazi ya kijiji haingojei mtu. Akiwa anafunga kanga nikamshika.

"Mama, kamtazame kuku. Kadondoka. Mfunge mianzi."

Akaanza kucheka. Kisha akaona macho yangu, kicheko kikamwishia. Akasema, "Nimesikia." Akaenda.

Nikabaki. Jamani, kufungwa ni kule. Siwezi kugeuka ubavu, siwezi kukaa, dirisha lina wavu, na nje nasikia malori yanayokwenda kwetu yakibadili gia. Kila mgonjwa ananuka spiriti. Kitanda cha pili alilala Mama Estheri, Mmakua wa Masasi, mguu umevutwa kwa mawe juu ya kapi. Huyo alinichukua kwa utani siku ya kwanza.

"Wewe Mmakonde, umetundikwa kama nyama ya porini. Nani kakuwinda?"

"Sisemi na Wamakua," nikamjibu, nikiwa nalia.

"Alhamdulillahi, mdomo haukuvunjika!" akasema, na yeye ni Mkristo.

Sista alipita kila asubuhi na jambo moja. "Chezesha vidole." Mimi sichezeshi. "Somoe, chezesha vidole, damu itembee." Naviangalia, navibana. Wakadhani nahofia maumivu. Hapana. Nilijua kila kidole nitakachotikisa, kule kijijini mfupa wa kuku unasagika, na asipopona mimi sitoki humu. Kwa hiyo nikalala kama gogo, nikimpa kuku nafasi ya kupona. Vidole vikazidi kuvimba, vikang'aa kama biringanya.

Sista akakasirika kwa kweli. "Usipochezesha mkono utakauka hivyohivyo. Chuma cha watu kitakuwa cha bure. Unataka kiganja chako au hutaki?"

Nilikitaka kuliko kitu chochote. Ndiyo maana nilitulia.

Mama akarudi mchana mmoja, vumbi mpaka kope, amebeba bakuli la bati lililofungwa kwa kitambaa, kalipasha moto jiko la hospitali. Sista akamdaka mlangoni: "Mama, mwanao mkaidi, anauua mkono wake mwenyewe." Mama akasema, "Namjua anayemzuia." Akaketi, akafungua kitambaa. Mvuke ukatoka. Ndimu, bizari.

Mama akatia vidole, akatoa bawa akaliinua mbele ya uso wangu. Katikati ya mfupa kulikuwa na fundo, nene kama punje ya korosho, pale palipovunjwa pakaunga.

Nililifahamu. Nilipiga yowe wodi nzima ikaamka.

"Umemuua! Mama, umeniua!"

"Nimemchinja jana," Mama akasema.

"Nitakufa!"

"Jana, Somoe. Leo ni leo. Umekufa?"

Nikajisikiliza. Moyo unapiga. Mama Estheri akadakia kutoka kitandani kwake, "Kama maiti hali, nileteeni huku. Mmakua hana kesi na kuku."

Mama hakucheka. Akalivunja lile bawa, akatoa mifupa miwili akaiweka juu ya shuka. "Tazama. Huyu alipona kwake. Alitaga, akaruka, akamaliza. Huu mkono haukuwa wake hata siku moja. Ni wako peke yako. Ukikauka umekauka wako. Bibi yako hasemi nami, na mzee wa watu nimemkosea. Yote hayo nimeyabeba. Wewe beba vidole."

Niliigeuza shingo ukutani nikangoja kufa. Nikangoja hasa. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa upande wa Ufukoni, watu wakaja kuona wagonjwa wao, wakaondoka, mimi bado nipo. Kilichokuja badala ya kifo ni njaa. Na ule mchuzi, Mungu anisamehe, ulinukia.

Nikatazama vidole vyangu. Nikatikisa kimoja, kidogo, kile cha mwisho.

Hakuna aliyelia popote.

Nikatikisa cha pili. Kiliuma, lakini maumivu yalianza kwangu yakaishia kwangu. Mama akageuza uso pembeni. Akasema, "Haya, kula. Leo kula kwa kushoto, Mungu analiona hogo."

Hogo lilipokatwa mkono ulitoka mwembamba, ngozi imekauka kama ganda la muhogo, lakini umenyooka. Kiganja bado hakikufika juu. Daktari akasema chuma kimefanya kazi yake, sasa zamu yangu. Basi tukawa na kazi, mimi na Mama na Mama Estheri mwenye kelele zake. Mama alikuwa akiweka korosho moja kiganjani. Ikianguka, naiokota. "Inazama, inazama, Mmakonde, inua!" Mama Estheri anapiga kelele. Korosho ikaanguka asubuhi, ikaanguka jioni. Nililia, nikaitukana korosho, nikageuza. Siku ilipokaa, ilikaa bila mimi kujua, nilikuwa nimegeuka kumjibu Mama Estheri upuuzi wake, na wodi nzima ikawa inaniangalia kiganja.

Tukarudi kwa lori. Nilipanda nikiwa na furaha, nikashuka nikiwa na hofu, kwa sababu mlangoni alikuwa amekaa Bibi. Hakuinuka. Juu ya paa hapakuwa na kitu. Mama akamsalimia kwa magoti, Bibi akaitikia kwa kikohozi. Chakula kikaivishwa, kikatengwa.

Kwetu mtoto ndiye humnawisha mkubwa. Nikaliendea jagi. Bibi akaliwahi. Akalishika mwenyewe, akasogeza beseni kwangu, akangoja. Nikaelewa. Nikanyoosha mkono wa kulia, nikageuza kiganja kikatazama juu, akamimina. Akamimina polepole sana. Maji yakajaa kiganjani, yakatulia, nikaona na paa letu limo ndani yake.

Bibi akayaangalia yale maji mpaka yakaanza kuvuja kati ya vidole.

"Yule kuku," akasema, "alikuwa anataga."

Akanikatia tonge yeye, akaliweka palepale kwenye maji, nami nikala.